Wanaume tunaopanda milima: kinachotutuliza ni mlima wenyewe au ni miguu tu?

#1 KisiginoChepesi
Habari wakuu,
Nina miaka 46, kazi yangu ni ya kukaa kitini asubuhi hadi jioni. Mwaka jana nilipimwa presha ikasoma 152 kwa 96, na tumbo lilikuwa limeshatangulia mbele yangu. Daktari akaniambia nitembee. Nikajiunga na gym, nikawa natembea kwenye mashine dakika 40, siku nne kwa wiki, miezi mitatu mfululizo. Presha ikaanza kushuka. Ila usiku mambo yalikuwa yale yale: saa nane naamka macho makavu, nahesabu madeni, narudia maneno niliyoambiwa kazini.

Kisha mwenzangu mmoja akanivuta tukapande kilima. Masaa manne kwenda na kurudi. Karibu na kileleni njia inapita kwenye mwamba, inabidi ushike mzizi kwa mkono wa kushoto, uuvute kidogo uone kama umekaza, ndipo uinue mguu. Pale ndipo niliposhtuka kwamba karibu saa nzima sijawaza kitu kingine chochote isipokuwa mguu unaofuata utatua wapi. Usiku ule nililala mpaka alfajiri.

Sasa ni mwezi wangu wa saba napanda, kila Jumamosi. Swali langu: miguu ni ile ile, mbona mashine haikunipa usingizi na kilima kimenipa? Na wenzangu mnaliona hivyo?

#2 Pumzi_Ndefu
Mkuu, ni dozi tu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Kwenye mashine ulikuwa na 160, yaani umegusa mstari wa chini. Kilima kimekupa 240 kwa mkupuo mmoja, tena za kupanda, moyo unafanya kazi kweli kweli. Mwili umechoka, umelala. Hakuna muujiza.

Jambo hili halijaanza leo. Mwaka 1953 Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva waliokaa siku nzima walipata ugonjwa wa moyo zaidi kuliko makondakta waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi za basi. Ndani ya basi hakukuwa na mti hata mmoja.

#3 BintiTakwimu
@Pumzi_Ndefu umeleta nusu ya hadithi. Mwaka 1956 Morris huyo huyo alirudi akaangalia vipimo vya sare zao, akakuta madereva walikuwa na viuno vipana tangu siku wanaajiriwa. Kwa hiyo sehemu ya tofauti ile walikuja nayo kutoka nyumbani, haikutokana na kiti peke yake. Mazoezi yanasaidia moyo, hilo limeshathibitishwa kwa njia nyingine nyingi, ila mfano wa basi usiupe mzigo wote.

Kwa swali la mleta uzi: mwaka 2015 Gregory Bratman na wenzake wa Stanford waliwatembeza watu dakika 90. Kundi moja kwenye majani na miti, jingine kando ya barabara yenye magari mengi. Wote walitembea. Waliopita kwenye miti ndio waliosema wamepunguza kule kutafuna mawazo mabaya yale yale, na sehemu ya ubongo inayohusishwa na tabia hiyo ilionekana kutulia. Kama ni miguu tu, mbona makundi hayakulingana?

#4 Pumzi_Ndefu
Dada, walikuwa watu 38. Halafu unanilinganishia miti na barabara iliyojaa magari. Huenda miti haikumtuliza mtu, ila barabara ndiyo iliyomvuruga. Wangetembezwa kwenye ukumbi mtupu wenye utulivu tungeongea.

#5 BintiTakwimu
Kwenye idadi umenibana, nakubali. Kwenye barabara bado.

#6 JaniBichi
Mimi naona mnasahau kitu kimoja. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha habari za wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Dirisha la wengine lilitazama miti, la wengine lilitazama ukuta wa matofali. Wenye miti waliruhusiwa mapema kidogo, na walitumia dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Mtu amelala kitandani na mshono tumboni, hajatembea hata hatua. Miguu iko wapi hapo?

Wajapani walilijua hili tangu zama za mababu, ile mila yao ya kuoga msitu, shinrin-yoku.

#7 BintiTakwimu
Asante kwa Ulrich. Ila shinrin-yoku si mila ya mababu. Jina hilo lilitolewa na idara ya misitu ya Japani mwaka 1982 ili watu wahamasike kwenda misituni. Kupenda miti ni kwa zamani, neno na mpango ni vya juzi.

#8 JaniBichi
Nimerekebishwa, shukrani. Lakini baada ya hapo walipima kweli. Daktari Qing Li wa Tokyo aliwapeleka msituni wanaume 12 wa maofisini kwa siku tatu, akapima damu zao, akakuta seli zinazopambana na virusi na uvimbe zimeongezeka nguvu. Yeye anaamini ni yale mafuta ambayo miti inatoa hewani, ndiyo harufu unayoisikia ukivunja tawi bichi.

#9 Pumzi_Ndefu
Kumi na wawili sasa. Tumetoka 38 tunashuka. Tukifika mmoja mniite 😀

#10 MzeeWaVilima
Vijana, salaam. Mimi nina miaka 63, nimetembea milimani zaidi ya miaka ishirini, na sijui habari za seli. Niwaeleze nililoliona.

Tuko wanne, tulianza tukiwa watu wazima tayari. Mmoja wetu alifiwa na mke. Tulikwenda nyumbani kwake tukaketi naye mara nyingi, kila tukimuuliza anasema "nashukuru Mungu, niko salama." Tukaona tusimlazimishe. Mwezi wa tatu akakubali kuja mlimani. Kupanda hakusema kitu. Wakati wa kushuka njia ni nyembamba, mnakwenda mmoja nyuma ya mwenzake, yeye yuko mbele yangu, namwona mgongo na begi tu. Akaanza kuzungumza. Alizungumza kuanzia kwenye mawe hadi kwenye mto, karibu saa nzima, bila kugeuka. Aliniambia kwamba vitambaa vya mkewe bado viko kwenye kamba ya nguo, hajaweza kuvianua.

Nilijibu "naam" na "ehe" basi. Tulipofika chini alinawa uso mtoni, tukaenda zetu.

Kwangu mimi jibu ni hilo. Mwanamume hawezi kusema akiwa anatazamwa usoni. Mlima unampa mahali pa kuweka macho.

#11 KisiginoChepesi
Shikamoo mzee. Nimeisoma #10 mara mbili. Mwenzangu niliyemtaja nimefanya naye kazi miaka kumi na miwili, na ni kwenye Jumamosi ya tatu ndipo nilipojua kwamba ana mtoto mgonjwa. Alinieleza huku anafunga kamba za viatu.

#12 MzeeWaVilima
Marahaba mwanangu. Ndivyo inavyokuwa.

#13 MkeWaMpandaji
Na sisi tulioachwa chini tuna neno. Mume wangu naye kila Jumamosi yuko mlimani, anarudi kanyooka, anacheka, analala kama mtoto mchanga. Nafurahi kweli. Lakini nguo, watoto na mgonjwa wa nyumbani nimebaki navyo mimi siku nzima. Mzee #10, mimi naongea na mume wangu ana kwa ana na hasemi, akifika mlimani anasema kwa watu wengine. Hilo linauma. Labda kinachowaponya ni kupumzika majukumu tu, msisingizie miti.

#14 Pumzi_Ndefu
Hii nayo ni hoja nzito kuliko zote. Hakuna utafiti hapo juu uliopima nani alibaki na watoto.

#15 KisiginoChepesi
Dada #13, umenigusa. Sisi tumegawana: Jumamosi yangu ni asubuhi hadi saa saba, Jumapili asubuhi ni yake, na simu yangu haimpigii kuuliza sare za shule ziko wapi. Mwanzoni nilikuwa sifanyi hivyo, sitakudanganya. Na mara mbili tumepanda pamoja. Mara ya pili ndiyo nilimwambia habari ya kuamka saa nane usiku, alikuwa hajui.

#16 MkeWaMpandaji
Nitamwonyesha hii. Bila kumtajia uzi.

#17 Mnyooshaji
Habari zenu. Kazi yangu ni tiba ya viungo, naona watu mnazungumzia kupanda tu. Kushuka ndiko kunakowaleta kwangu.

Unapopanda, misuli ya paja inafanya kazi huku inajikunja. Unaposhuka inafanya kazi huku inavutwa, kama breki. Ndiyo maana unashuka bila kuhema, halafu siku ya pili huwezi kukaa chooni bila kushika ukuta. Maumivu hayo si jeraha, yanaisha siku tatu nne, na ukirudi wiki inayofuata yanapungua sana. Kushuka huko huko kunafundisha paja kuhimili goti, jambo ambalo tambarare halifanyi vya kutosha.

Kuna watafiti wa Austria waliwaweka watu makundi mawili, wengine wapande kwa miguu na kushuka kwa gari la kamba, wengine kinyume chake. Kupanda kulisaidia zaidi mafuta ya damu, kushuka kulisaidia mwili kushughulikia sukari. Kwa hiyo mwenye sukari asidharau mteremko.

Magoti yakilalamika: fupisha hatua, kunja goti kidogo, tumia fimbo mbili. Fimbo zinapunguza mzigo wa goti kwenye mteremko, si za wazee tu.

#18 Mnyooshaji
Nimesahau la muhimu. Wanaume wenye umri wa kati na wazee ndio wanaoongoza kwa vifo vya ghafla vya moyo milimani, na hatari ni kubwa kwa yule asiyezoea mazoezi, hasa siku ya kwanza. Anatoka kitini anakwenda kushindana na vijana. Ukisikia kifua kinabana, mkono au taya inauma, jasho baridi: simama, keti, omba msaada. Usijitie moyo. Na mleta uzi, presha ikishuka usiache dawa kwa sababu ya kipimo kimoja, hilo ni la daktari wako.

#19 KisiginoChepesi
Asante sana. Sijaacha kitu. Juzi ilisoma 131 kwa 84, daktari amesema tuendelee tutazame.

#20 Simba_Jike
Na nyie wanaume jifunzeni kugeuka njiani. Nimeongoza vikundi, mwanamke akisema kichwa kinauma anasema. Mwanamume anatapika nyuma ya jiwe halafu anasema "niko sawa twende." Kuanzia kama mita 2,500 kwenda juu, kichwa kuuma na kichefuchefu ni ugonjwa wa mwinuko mpaka ithibitike vinginevyo. Tiba ni kutopanda zaidi, na ikizidi ni kushuka.

#21 Buti_Mpya
Samahani natoka nje ya mada kidogo. Kucha za vidole gumba zimekuwa nyeusi zote mbili baada ya kushuka. Viatu ni vipya na ni saizi yangu kabisa.

#22 Simba_Jike
Tatizo ndilo hilo, ni saizi yako kabisa. Mguu unavimba na kwenye mteremko unateleza mbele. Ongeza nusu saizi, kata kucha, kaza kamba za juu kwenye kifundo ili kisigino kisiinuke. Malengelenge: soksi kavu ya akiba, na ukisikia tu panapasha moto simama ubandike plasta hapo hapo, usisubiri kileleni.

#23 Buti_Mpya
Shukrani. Na kucha?

#24 Simba_Jike
Zitaanguka zitaota. Usizing'oe.

#25 Dume_Kamili
Turudi kwenye faida. Kupanda mlima kunapandisha homoni za kiume maradufu, hii kila mtu anaijua. Ndiyo siri yenyewe.

#26 Mnyooshaji
Hapana kaka, tusipotoshane. Baada ya zoezi kali homoni inaweza kupanda kwa muda mfupi halafu inarudi. Hakuna maradufu. Kilicho kweli ni kwamba unene hushusha homoni hiyo, na mwanamume mnene akipunguza uzito huwa inapanda. Usingizi mbovu nao unaishusha.

Na kama unauliza nguvu za kiume kwa kuogopa kuliuliza, hapo habari ni nzuri zaidi: zinategemea mishipa ya damu, na mazoezi ya kuhema yanaifaa mishipa hiyo. Mishipa ya kule ni myembamba, kwa hiyo huanza kuonyesha shida mapema. Tatizo hilo kwa mwenye miaka 40 na kitu linaweza kuwa taarifa ya moyo. Nenda ukapime, usinunue vidonge mtaani.

#27 Dume_Kamili
Nimekuelewa. Asante kwa kujibu bila kunicheka.

#28 HakunaMtandao
Mimi naona mnazunguka mbuyu. Ni simu. Kule hakuna mtandao. Nilijipima mwenyewe: Jumamosi moja nimepanda kilima chenye minara, simu inalia begini, nimerudi na kichwa kilekile nilichoondoka nacho. Wiki iliyofuata nimekwenda upande usio na mtandao, mwendo ule ule, nimerudi mtu mwingine.

#29 BintiTakwimu
@HakunaMtandao hilo linakaribiana na nadharia ya Rachel na Stephen Kaplan. Wao wanasema umakini wa kujilazimisha, ule wa kazini, unachoka kama msuli. Majani yanayotikisika, maji, mawingu, vinavuta macho bila kukulazimisha, na ule umakini wa kulazimisha unapata nafasi ya kupumzika. Ila mleta uzi kasema alikuwa anahesabu kila hatua mwambani, huo si umakini uliopumzika hata kidogo. Kwa hiyo kwake nadharia haikai sawasawa.

Na @Pumzi_Ndefu nikupe silaha, maana natenda haki: mwaka 2014 Oppezzo na Schwartz walionyesha kwamba kutembea kunaongeza mawazo mapya hata kwenye mashine inayotazama ukuta mtupu.

#30 Pumzi_Ndefu
Nimeipokea kwa mikono miwili 🙏

#31 JaniBichi
Na ile ya Uingereza, kwamba lazima masaa mawili kwa siku porini?

#32 BintiTakwimu
Kwa wiki, si kwa siku. Mathew White na wenzake, 2019, karibu watu 20,000. Waliofikisha dakika 120 za kuwa kwenye mazingira ya asili kwa wiki walisema zaidi kuwa wana afya nzuri na wameridhika na maisha, na haikujalisha kama ni mara moja au umezigawa. Lakini ni maswali kwa watu, si jaribio. Mwenye afya ndiye anayetoka nje kirahisi. Huwezi kusema kipi kimetangulia.

#33 Kivuli_Cha_Jana
Nimekuwa msomaji kimya. Naandika kwa ajili ya #1 na mwingine yeyote anayeamka saa nane usiku.

Mimi nilikuwa napanda. Kila wiki, miaka miwili, mpaka watu wakawa wananiita Mpandaji. Na sonona ilinikuta huko huko juu. Nilikuwa nafika kileleni, wenzangu wanapiga picha, mimi natazama ukingo kwa namna ambayo sitaki kuieleza. Mlima ulinipa masaa machache ya nafuu, na kwa sababu ya nafuu hiyo nilichelewa kumwona daktari karibu mwaka mzima. Nilisema ninajitibu. Nilipokwenda nilipewa dawa na mtu wa kuzungumza naye, na bado napanda. Vyote viwili.

Kila mwaka watu zaidi ya 700,000 duniani wanajitoa uhai, na kwa wastani wa dunia kiwango cha wanaume ni zaidi ya mara mbili ya wanawake. Si kwamba tunaumia zaidi, sijui nani anaumia zaidi. Ila tunasema kidogo. Kama usingizi umekukimbia wiki kadhaa, kitu ulichokipenda hakina ladha, unajiona mzigo kwa watu wako: mwambie mtu leo, na kamwone daktari. Usisubiri Jumamosi.

#34 MzeeWaVilima
Mwanangu, umefanya vizuri kuandika. Unapanda na nani sasa?

#35 Kivuli_Cha_Jana
Na watu wawili wanaojua, mzee. Huwa mmoja anakuwa nyuma yangu.

#36 MzeeWaVilima
Vizuri. Vizuri sana.

#37 Pumzi_Ndefu
Pole na hongera ndugu #33. Mimi nimebisha uzi mzima, na bado nasema miguu ina sehemu kubwa. Lakini baba yangu hakuwahi kutembea na mtu, alitembea peke yake kila jioni miaka yote, moyo wake ulikuwa imara mpaka mwisho, na hakuna kati yetu aliyejua anachowaza. Nimeikumbuka hiyo sasa hivi.

#38 KisiginoChepesi
Wakuu, nimejaribu nilivyoweza. Wiki tatu zilizopita nimepanda peke yangu, nikalala vizuri. Kisha nimepanda na mwenzangu tukiongea njia nzima, nikalala vizuri. Jumamosi iliyopita mvua ilinyesha, nikarudi gym, nikaweka mashine ipandishe, masaa mawili, nikachoka kabisa. Nikaamka saa nane na nusu. Jumatano yake nimekaa tu chini ya mti mkubwa dakika thelathini baada ya kazi, bila kutembea, na nikalala. Sijui niwape nani ushindi. Fundi takwimu atasema mimi ni mtu mmoja.

#39 BintiTakwimu
Wewe ni mtu mmoja.

#40 Pumzi_Ndefu
Nilisema mkifika mmoja mniite 😀

#41 Mzito118
Hodi wakuu, nimechelewa. Nina kilo 118, miaka 41, ngazi za ofisini tu zinanitoa jasho. Nimesoma yote. Mimi naanzia wapi? Kilima kinaniogopesha, na kutazamwa pia.

#42 Mnyooshaji
Karibu. Pima presha na sukari kwanza. Kisha tafuta njia tambarare yenye miti, dakika 20, mara tatu kwa wiki, mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Ongeza dakika tano kila wiki. Mwinuko ni baada ya miezi miwili, tena mdogo, na shuka polepole kuliko ulivyopanda.

#43 Mzito118
Peke yangu?

#44 KisiginoChepesi
Nimekutumia ujumbe wa faragha. Jumatano jioni mimi niko tambarare. Njoo na viatu vilivyokuzidi nusu saizi.